Kobe wa uani Mfaranyaki na kasa aliyekuja kwa basi

Songea. Mvua ya mchana ilikuwa imekatika muda si mrefu, mpwa wangu wa miaka sita akaingia ndani akihema, miguu imejaa udongo mwekundu mpaka magotini.

“Mama mdogo, njoo uone! Jiwe linatembea.”

Jiwe lenyewe lilikuwa kobe. Alikuwa anakatiza mtaro wa nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mahindi ya mama, gamba lake la njano lina mabaka meusi kama ngozi ya chui. Watoto wa mtaa walishajaa. Mmoja anataka kumpanda, mwingine anataka kumpa ugali, wa tatu anawaambia wenzake wanyamaze, eti kobe hatoi kichwa mpaka watu waondoke.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo ya wiki moja. Nimekulia Mfaranyaki, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Songea, na kila nikirudi kutoka Dar es Salaam hukuta kitu kimeongezeka: duka jipya la miamala ya simu, nyumba iliyokuwa msingi sasa imepauliwa, kijiwe cha bodaboda kimehamia upande wa pili wa barabara. Visivyobadilika ni baridi ya asubuhi, milima ya Matogoro iliyosimama nje ya mji, na majirani wanaoingia kwa mlango wa uani bila kubisha hodi.

Aliyeingia siku hiyo ni mama mmoja tunayepakana naye. Ana watoto wawili. Wa kwanza yuko darasa la pili na ana pumu. Wa pili ni mchanga wa miezi mitano, alikuwa naye mgongoni. Alipomwona kobe akasema, “Jamani msimwachie aende. Damu yake ni dawa ya kifua.”

Kisha akacheka. “Ila mimi simhitaji. Kaka yangu ameniletea mkubwa wake.”

Nikamuuliza mkubwa wa kobe ni nani.

“Kasa. Kaka anafanya kazi Mtwara. Ametuma kwa basi juzi, nyama imekaushwa vizuri, na kichupa cha mafuta. Kesho Jumapili napika mchuzi mtoto apate nguvu ya kifua. Na mimi ninywe, maziwa yaongezeke.”

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Nilimtazama yule mchanga aliyelala mgongoni, nikakosa la kusema.

Habari niliyoiandika haraka

Mwanzoni mwa Machi 2024, katika kisiwa kidogo cha Panza, kusini mwa Pemba, familia kadhaa zilikula nyama ya kasa. Watoto 8 walifariki dunia. Mtu mzima mmoja naye alifariki, mama wa mmoja wa watoto hao. Watu wengine 78 walilazwa hospitali. Haikuwa mara ya kwanza. Novemba 2021, Pemba hiyohiyo, watu 7 walifariki baada ya kula kasa, akiwamo mtoto wa miaka mitatu.

Habari ya Panza niliiandika mimi, nikiwa chumba cha habari Dar es Salaam. Niliandika aya sita. Nikataja idadi ya waliofariki, nikataja kwamba viongozi wa Zanzibar wamewataka wananchi waache kula kasa, nikaendelea na habari nyingine.

Sikueleza kwa nini kasa anaua. Sikuandika kwamba kuchemsha hakusaidii. Sikuandika kwamba sumu hiyo hupita kwenye maziwa ya mama. Nilidhani ni habari ya watu wa visiwani, mbali na kwetu tunaokula mbasa na dagaa wa Ziwa Nyasa. Sikufikiri kwamba barabara ya lami kutoka Mtwara kupitia Masasi na Tunduru inaweza kumleta kasa mpaka uani kwetu.

Lakini huwezi kumwambia mtu mzima, mbele ya watoto, kwamba zawadi ya kaka yake ni sumu. Nikamwambia mama yangu pembeni. Mama akasema, “Mwite aje jioni. Tutachoma mahindi, tutaongea.”

Hadithi za jioni

Jioni umeme ukakatika. Tukakaa uani kuzunguka jiko la mkaa, watoto wamejifunga kanga na masweta, maana baridi ya Songea haina adabu. Jirani akaja na wanawe. Kobe tulikuwa tumemweka chini ya beseni lililotobolewa, asubuhi arudishwe alikotoka.

Watoto wakataka hadithi. Mama akaanza na ile niliyoisikia mimi nikiwa na umri wao. Wanyama walichimba kisima wakati wa ukame. Sungura akakataa kuchimba, lakini kila usiku akaja kunywa na kuyavuruga maji. Wakaweka mlinzi mmoja baada ya mwingine, wote wakadanganywa. Mwisho kobe akajitolea. Akapakwa ulimbo mgongoni, akazama kimya kisimani kama jiwe. Sungura alipokanyaga lile jiwe ili anywe, mguu ukanasa. Akapiga kwa mkono, mkono nao ukanasa.

“Kobe akiinama, anatunga sheria,” mama akamaliza, na watoto wakaitikia.

Mpwa wangu akauliza, “Kobe mkubwa kuliko wote ana ukubwa gani?”

Nikaona hapo ndipo pa kuanzia.

Nikawaambia watu wa karibu kila bara wana kobe wao mkubwa. Wahindu husimulia kwamba miungu na wapinzani wao walitaka kukoroga bahari ili wapate maji ya uzima. Wakatumia mlima kuwa mwiko. Mlima ukaanza kuzama, ndipo Vishnu akajigeuza kobe aitwaye Kurma, akaubeba mgongoni kazi ikaendelea. Kule Marekani ya Kaskazini, wenyeji wa asili wanaoitwa Haudenosaunee husimulia juu ya mwanamke aliyeanguka kutoka mbinguni wakati dunia yote ni maji. Ndege wakampokea, wakamweka juu ya mgongo wa kobe. Wanyama wakazamia, wakaleta tope kutoka chini, tope likakua likawa nchi. Mpaka leo wengi wao huliita bara lao Kisiwa cha Kobe.

Ya tatu ni ya bahari yetu. Katika karne ya 10 kiliandikwa kitabu cha Kiarabu kiitwacho Maajabu ya India, kinachohusishwa na nahodha Buzurg ibn Shahriyar. Kimekusanya visa vya mabaharia waliosafiri mpaka India, China na pwani ya Zanj, ambayo ndiyo pwani yetu. Kimojawapo ni cha mabaharia walioteremka kwenye kisiwa kidogo kushughulikia chombo chao. Wakawasha moto. Kisiwa kikatikisika, kikaanza kwenda. Kumbe hakikuwa kisiwa, alikuwa kasa mkubwa aliyelala juu ya maji. Moto ulimwamsha. Wenye kujua safari ya kwanza ya Sindbad watakumbuka kisa kama hicho, ila huko kisiwa kilikuwa samaki.

“Wakafa?” mtoto mwenye pumu akauliza.

“Wakakimbia kuokoa roho zao. Tangu hapo wakasimuliana: usiwashe moto mahali usipopajua.”

Jirani alikuwa anapukuchua hindi lake polepole. Hakusema neno.

Wakubwa wa kweli

Watoto walitaka kujua kama ni kweli. Kisiwa hapana, nikawaambia, lakini wakubwa wapo, na waliokuwapo zamani walikuwa wakubwa zaidi. Huko Dakota Kusini, Marekani, yalichimbuliwa mabaki ya kasa wa kale aitwaye Archelon, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita. Urefu wake ulizidi mita 4. Mpwa wangu alisimama akahesabu hatua kutoka jikoni mpaka kwenye kamba ya nguo, akarudi ametoa macho.

Walio hai leo, mkubwa kuliko wote ni noa, kasa ambaye gamba lake si gumu kama la wenzake, limefunikwa ngozi nyeusi. Mwaka 1988 mmoja alikutwa amekufa ufukweni huko Wales akiwa na uzito wa kilo 916. Nikawaambia ni magunia tisa ya mahindi. Hiyo waliielewa bila maelezo, kwani mkoa wetu unaishi kwa mahindi.

Wa nchi kavu, wakubwa wapo hapahapa Tanzania. Nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu tulikwenda Zanzibar, tukapanda boti kutoka Mji Mkongwe mpaka kisiwa cha Changuu. Mwaka 1919 Gavana wa Kiingereza wa Ushelisheli alileta pale zawadi ya kobe wanne kutoka Aldabra. Dume la kobe hao linaweza kufika kilo 250. Nililishika gamba la mmoja wao lilikuwa baridi na gumu kama sakafu. Alinyoosha shingo, akafumba macho, akatulia kama babu anayekunwa mgongo.

Changuu ina historia nyingine inayonihusu kikazi. Majengo yake yalijengwa miaka ya 1890 yawe gereza, ndiyo maana wengi hukiita Kisiwa cha Gereza, lakini yakatumika kuwa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na homa ya manjano. Hao kobe walikuja kuishi mahali palipotengwa ili ugonjwa usivuke kwenda mjini.

Nao waliongezeka, kisha wakaanza kuibwa. Kufikia mwaka 1955 walikuwa kama 200. Watu wakawachukua kuwala na kuwauza nje. Mwaka 1996 walikuwa wamebaki 7. Serikali ya Zanzibar ikaletewa vifaranga, ikajengwa sehemu yenye uzio, ndipo idadi ikaanza kupanda tena. Mnyama anayeweza kuishi zaidi ya miaka 100 alikaribia kwisha ndani ya umri wa mtu mmoja.

Watoto walifurahi zaidi niliposimulia habari ya Mombasa. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mtoto wa kiboko aliyepotezana na mama yake aliokolewa pwani ya Kenya, akapelekwa hifadhi ya Haller. Akaitwa Owen. Alipofika akamkimbilia kobe mzee wa Aldabra aliyekuwa akiitwa Mzee, akajificha nyuma yake, akawa anakula naye na kulala naye. Hiyo si hadithi, picha zake zilizunguka dunia nzima.

Maji ya Matogoro

“Sasa kasa wa baba mdogo wa Mtwara yeye ametoka wapi?” Swali hilo liliulizwa na mtoto wa jirani. Sikulipanga.

Nikawaonyesha gizani upande wa Matogoro. Mto Ruvuma unaanzia kwenye milima hiyo, nje kidogo ya mji wetu. Kutoka hapo unasafiri kama kilomita 800, sehemu kubwa ukiwa mpaka wetu na Msumbiji, mpaka unamwaga maji Bahari ya Hindi upande wa Mtwara. Pale mdomoni pamekuwa hifadhi tangu mwaka 2000, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mvua inayonyesha Matogoro inaishia kwenye maji anakoishi kasa. Kwa hiyo kasa naye ni jirani yetu, ila wa mbali.

Maji ya bahari ya Tanzania yana aina tano za kasa, na watu wa pwani wana majina yao: kasa wa kijani, ng'amba, duvi, kigome na noa. Ng'amba ndiye mwenye gamba zuri lililotengenezewa vitana na mapambo. Biashara ya gamba hilo ni ya zamani mno. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa karibu miaka 2000 iliyopita, kinalitaja gamba la kasa kati ya bidhaa zilizonunuliwa pwani yetu, pamoja na pembe za ndovu.

Kasa jike hupanda ufukweni usiku, anachimba shimo kwa miguu ya nyuma, anataga mayai yanayofika 100 au zaidi, anafukia, anarudi baharini. Hawalei wanawe. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili, na joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga wa moto hutoa majike, wa baridi hutoa madume. Vifaranga hutoka wakakimbilia majini huku kaa na ndege wakiwasubiri. Wachache sana hufika utu uzima, na kasa wa kijani huhitaji miaka 20 na zaidi kabla ya kuanza kutaga. Jike likishakua hurudi kutaga maeneo lilikozaliwa.

“Kwa hiyo ukimla mmoja,” mama yangu akasema, “umekula miaka ishirini.”

Sheria za uvuvi za Tanzania Bara na Zanzibar zinamlinda kasa. Kumvua, kumuuza na kumla ni kosa. Jirani akashtuka. “Kaka hajui hilo. Yeye alinunua kwa mtu, akaambiwa ni dawa.”

“Mbona wao hawajafa?”

Watoto walipoingia kulala, nilimweleza habari ya Panza yote, pamoja na yale niliyoyaacha wakati ule.

Kasa mwenyewe haumwi. Wataalamu wanaamini sumu inatokana na vitu anavyokula baharini, hasa aina fulani za mwani, ikajikusanya mwilini mwake. Kasa mwenye sumu hana alama. Nyama yake haina harufu tofauti wala ladha tofauti. Kuchemsha, kukaanga, kukausha juani au kutia chumvi hakuiondoi. Sumu inaweza kuwa kwenye nyama, maini, mafuta, damu na supu.

Dalili huanza baada ya saa chache au baada ya siku kadhaa: kichefuchefu, kutapika, kuhara, tumbo kuuma, mdomo na koo kuwaka, vidonda kwenye ulimi, mate kushindwa kumezeka. Hali ikizidi, mgonjwa anasinzia, anapoteza fahamu, anaweza kufa. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Hospitali inachoweza ni kumsaidia mgonjwa kwa maji ya mshipani na kupumua wakati mwili ukipambana wenyewe. Watoto ndio wanaofariki zaidi. Na imeshatokea mama akala akapata dalili ndogo tu, mtoto aliyekuwa akinyonya ndiye akafa.

Aliposikia hilo alimvuta mchanga kifuani. Lakini aliuliza swali ambalo kila mzazi angeuliza.

“Kaka alikula na wenzake siku tatu kabla ya kunitumia. Nimeongea naye leo asubuhi, ni mzima. Mbona wao hawajafa?”

Nilimwambia ukweli. Inawezekana kasa huyo hana sumu. Kasa wengi wameliwa duniani bila mtu kuugua, na ndiyo maana watu hawaamini. Wa Panza nao si ajabu waliwahi kumwona mtu akila akabaki mzima. Wapo wavuvi wa Sri Lanka waliokuwa na desturi ya kumrushia kunguru ini kwanza, akilikataa hawali. Lakini kunguru si maabara, wala kaka yake si maabara. Kile ambacho mwanaume wa kilo 70 anakimudu kinaweza kumuua mtoto wa kilo 6.

Akanyamaza. Kisha akasema jambo ambalo ndilo lilikuwa kiini cha yote. Dawa ya kuvuta ya mtoto iliisha mwezi uliopita. Hakununua nyingine kwa sababu ya bei, na kwa sababu mtaani walimwambia ile dawa inamzoeza mtoto, akiizoea kifua hakitafanya kazi bila hiyo. Usiku mtoto akikohoa, yeye hukaa kitako mpaka alfajiri akimsikiliza anavyopumua. Kaka yake aliposema kasa anatibu, alilia kwa furaha.

Mama yangu ndiye aliyejibu, si mimi.

“Mwanangu, sisi ni watu wa Songea. Babu zetu walipewa maji, wakaambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamebanwa, wanatafuta pa kushika. Na wewe umebanwa. Lakini uliyembeba hapo hawezi kukwambia kama dawa imemdhuru.”

Kila Februari 27 mji wetu huwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa mwaka 1906. Sikuwahi kulisikia neno hilo likitumika jikoni, juu ya dawa ya mtoto.

Jirani akasimama. “Siwezi kumjaribishia mwanangu,” akasema. Akaenda kwake, akarudi na mfuko wa plastiki. Tulikwenda wote watatu kwa tochi ya simu, tukautupa kwenye choo cha shimo ili mbwa wasiufukue. Kisha akampigia kaka yake, akamwambia akiona dalili yoyote akimbilie hospitali na aseme wazi alichokula.

Mafuta hakuyatupa. Alisema ni ya kupaka tu, hayanywewi. Usiku ule sikubishana naye.

Jumatatu nilimsindikiza kwa wahudumu wa afya na mtoto. Muuguzi alimweleza kwa utulivu kwamba dawa ya kuvuta haimzoezi mtoto. Akamfundisha mama namna ya kumpa: mtoto akae wima, atoe pumzi kwanza, avute polepole, abane pumzi kidogo. Muda wote ambao dawa ile ilikuwapo nyumbani, mtoto alikuwa akiivuta vibaya na nusu ikiishia mdomoni. Hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Mzazi, shika haya

Usimpe mtoto nyama, supu, mayai, damu wala mafuta ya kasa, hata kidogo, hata kama yametoka kwa ndugu unayemwamini. Mama mjamzito au anayenyonyesha naye asiguse.

Ikiwa mtu ameshakula, usisubiri dalili ikiwa ni mtoto. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, sema ni kasa, taja siku na saa, na taja wote waliokula pamoja. Kama mama alikula na ananyonyesha, aseme mapema na mtoto apimwe naye, kisha afuate maelekezo ya wahudumu kuhusu kunyonyesha.

Kobe wa nchi kavu naye si mwanasesere. Gamba na ngozi yake hubeba vijidudu vya salmonela vinavyoleta kuhara kukali na homa, na wenye hatari zaidi ni watoto chini ya miaka mitano. Mtoto akimshika, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mdomo au chakula. Usimwoshe kobe kwenye sinki au beseni la vyombo. Beseni tulilomfunika nalo sisi halikurudi jikoni.

Damu ya kobe haitibu pumu. Mtoto anayekohoa usiku, anayepumua kwa mluzi au anayeshindwa kukimbia na wenzake anahitaji kupimwa. Na dawa ikikushinda bei, mwambie mhudumu wazi. Ni aibu ya dakika moja.

Watoto wasimulieni hadithi. Kobe aliyebeba mlima, kobe aliyemnasa sungura, kasa aliyedhaniwa kisiwa. Mimi nilipewa hadithi hizo bila kuelezwa yule mnyama ni nani hasa, nikamjua ukubwani kwa habari ya msiba.

Asubuhi

Jumapili asubuhi ukungu ulikuwa umefunika mji, Matogoro haionekani. Tulimtoa kobe chini ya beseni. Watoto wote wa jana walikuwapo, na mtoto wa jirani mbele yao, kifua kinapiga mluzi kidogo maana dawa alikuwa hajaipata bado. Mpwa wangu alimbeba kobe kwa kutumia kipande cha gunia mpaka ng'ambo ya mtaro, kwenye majani.

Kobe alikaa muda mrefu bila kutoa kichwa. Watoto wakakubaliana kurudi nyuma hatua kumi na kunyamaza. Mwisho akatoa kichwa, akaangalia huku na huku, akaenda zake kuelekea kwenye mahindi.

Wiki mbili baadaye nilimpigia jirani kutoka Dar es Salaam. Mtoto anavuta dawa yake vizuri na analala. Kaka ni mzima. Na kile kichupa cha mafuta, akaniambia, amekiweka juu ya kabati mahali ambapo mtoto hafiki. Nimemwambia akitupe. Amesema atafikiri. Bado tunaongea.